Namba za Gemu Nilizomfukuzia Rafiki Yangu

Kosa ni langu. Naanza hapo kabisa ili asitokee mtu wa kunitafutia sababu. Sikulewa, sikurogwa, sikutumwa na mtu. Nilikuwa na akili zangu timamu, nimekaa kwenye kiti, mkasi mkononi.

Na kama wewe ni wale wa kusoma mambo ya watu halafu mnasema "maskini, pole yake," geuza ukurasa. Pole yako siitaki. Jina langu sitoi na kijiji sitaji. Ndiyo, ni uoga! Niite mwoga, haina shida, mama yangu mzazi ameshaniita mabaya kuliko hilo.

Mimi ni Mfipa wa huku juu, kijiji kisicho mbali sana na Kizwite. Miaka ile ya mwanzo ya elfu mbili, biashara huria imeshakolea, kila kitu kinaingia kwa mtumba hadi kompyuta, nilipata kazi kwenye duka la kuchapa barua pale mjini, Milanzi. Kompyuta moja, printa moja ya utepe yenye makelele, na mimi. Watu waliniletea barua za kuomba kazi, risala za harusi, kadi za kipaimara. Mchana wateja wakikatika, nacheza gemu.

Gemu lenyewe lilikuja ndani ya ile kompyuta, nadhani aliyekuwa nayo huko Ulaya alisahau kulifuta. Lilikuwa la himaya za angani. Unaanza na sayari moja na watu wachache, unawalimisha, wanazaana, unaunda vyombo, unawapeleka sayari nyingine, mwisho wa yote unampiga mwenzako. Mnaweza kucheza wawili kwenye kompyuta moja kwa zamu. Mmoja akicheza, mwingine anatoka nje anaangalia barabara ili asione mipango ya mwenzake.

Mwenzangu alikuwa Maduhu.

Maduhu ni Msukuma. Baba yake alihamia kijijini kwetu kutoka kanda ya ziwa, yeye na mke na watoto na kundi la ng'ombe, kijiji kikawapa eneo upande wa mtoni. Mimi na Maduhu tulikuwa rika moja, tumemaliza darasa la saba mwaka mmoja. Kila siku alikuwa anapandisha mjini na baiskeli kuuza maziwa, akishamaliza anakuja dukani kwangu, madumu yake matupu anayaacha mlangoni.

"Mambo, mshikaji?"

"Poa."

"Washa mashine. Leo nakuchapa tena."

Nilikuwa sipendi kabisa anavyosema hilo neno "tena".

Sasa sikia siri ya lile gemu, maana bila hiyo hutaujua ubaya wangu. Kila sayari ina kikomo chake cha watu. Watu wakiwa wachache sana, wanaongezeka kidogo kidogo. Sayari ikifika nusu, hapo ndipo wanaongezeka kwa kasi kuliko wakati mwingine wote. Ikianza kukaribia kujaa, kasi inashuka. Ikijaa, sifuri! Utapitisha zamu ishirini unatazama namba ile ile.

Mimi nilikuwa napenda sayari yangu ya kwanza ijae pomoni. Napenda kuona namba kubwa, basi. Naijaza inasimama, naganda hapo najisifu. Maduhu hakuwa anaacha sayari ijae hata siku moja. Ikifika nusu tu, anapakia watu kwenye chombo anawapeleka kwingine. Pale walipotoka wanaongezeka upesi, na kule walikokwenda wanaanza. Kabla sijashtuka ana sayari saba, mimi nina mbili zimejaa hadi mlangoni.

Siku moja nilimuuliza, "Umefundishwa na nani ujanja huu?"

Akacheka. "Si mzee? Mzee haweki ng'ombe wote zizi moja. Huyu anampa ndugu, huyu anampa jirani, wengine wako kwa mjomba kule Mpanda. Ugonjwa ukiingia kwetu, wale wa mbali ndio mbegu."

Na ilikuwa kweli, maana hata mama yangu alikuwa na ng'ombe mmoja wa yule mzee. Mwekundu, ana baka jeupe kwenye paji la uso. Ndiyo desturi yao. Anakupa umtunze, maziwa unakunywa wewe, samadi unapeleka kwenye matuta yako ya ulezi, lakini ng'ombe ni wake na uzao ni wake, siku akimhitaji anamfuata. Mama ni mjane. Yule ng'ombe ndiye aliyembadilishia maisha. Mama alikuwa anamwita "mgeni wangu," anamkwangua kupe kwa mkono wake mwenyewe.

Basi, ilitokea mara moja nikambana Maduhu vibaya. Nilijaza majeshi, nikampiga sayari moja baada ya nyingine. Ikabaki moja, kadogo, kona kabisa ya ramani, ina watu wa kuhesabika kwa vidole. Nikaona si kitu. Nikaiacha! Nikaanza kushangilia, nikamwita fundi cherehani wa jirani aje ashuhudie, na wateja wake wakaja nyuma yake.

Kutoka kwenye ile kona Maduhu alirudi. Polepole, zamu kwa zamu, nusu anahamisha, nusu anahamisha. Siku ya pili mchana alinimaliza mbele ya watu wale wale.

"Mtaalamu wa kompyuta kapigwa na muuza maziwa!" fundi cherehani akapaza sauti. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Maduhu naye alicheka, akanipiga begani, akasema, "Usinune bwana, ni mchezo tu."

Kwake ulikuwa mchezo. Mimi nilifunga duka mapema nikaenda nyumbani bila kumuaga. Mtu hajui hata kuchapa jina lake bila kutafuta herufi moja moja, anafanya watu wanicheke! Amekuja kwetu juzi na fimbo mkononi! Ndiyo, ndivyo nilivyowaza, neno kwa neno. Sitapamba.

Wakati ule ule kijijini kulikuwa na manung'uniko. Ng'ombe walikuwa wameingia kwenye mahindi ya watu mara mbili. Baba yake Maduhu alilipa, akaomba radhi, lakini maneno hayakuisha. Wanazaa sana hawa. Watatujaza. Watoto wetu watalima wapi? Ukaitishwa mkutano wa kijiji kuamua kama ile familia wabaki au waondoke.

Hakuna aliyeniomba kitu. Narudia, hakuna! Nilifungua kompyuta mwenyewe.

Nilichukua sayari moja ya Maduhu kwenye gemu, ile aliyoanzia, nikaiacha ijae bila kuhamisha mtu, nikaandika idadi ya watu wake zamu baada ya zamu. Nikaipanga vizuri kwenye jedwali lenye mistari. Pale palipotakiwa neno "zamu" nikaandika "mwaka". Juu nikaweka kichwa cha habari kwa herufi kubwa: ONGEZEKO LA WAFUGAJI KIJIJINI. Nikachapa.

Karatasi ilipotoka, nikaona tatizo. Mistari ya juu ilikuwa inatisha, watu wanapanda wanapanda. Lakini ya chini ilionyesha kasi inashuka, inashuka, mwisho inasimama. Mtu yeyote mwenye macho angeona hakuna cha kujaza dunia hapo.

Utepe wa printa ulikuwa umefifia, sikutaka kuchapa upya. Nikachukua mkasi. Nikaikata ile mistari ya chini, nikanyoosha ukingo vizuri, kile kipande nikakitupa kwenye droo.

Mkutanoni nilivaa koti la marehemu baba. Upepo ulikuwa unavuma ule wa Juni, wazee wamejikunyata na makoti yao, kina mama wamejifunika vitenge mpaka masikio. Baba yake Maduhu alikaa pembeni na mke wake. Yule mama, kila nikipita kwao, alikuwa ananipa maziwa mgando kwenye kibuyu na kuniambia "kunywa mwanangu, umekonda." Siku ile aliniona nanyanyuka, akatabasamu. Alidhani nakwenda kuwatetea.

"Nina karatasi kutoka kwenye kompyuta," nikasema.

Uwanja wote ulinigeukia! Kumbuka miaka ile, kijijini kwetu neno kompyuta lilikuwa kama neno la daktari. Nikasoma. Mwaka wa kwanza hivi, mwaka wa tano hivi, mwaka wa kumi hivi. Kila nikitaja namba, watu wanaguna. Mwenyekiti akaiomba, akaiangalia, akampa mtendaji, karatasi ikazunguka mkono kwa mkono mpaka ikafika kwa Maduhu.

Aliisoma akiwa amesimama. Nikamwona anakunja uso, halafu anainua macho polepole.

"Hizi namba nazijua," akasema. "Hii ni sayari yangu."

Watu wakaangua kicheko. "Sayari yako?" mmoja akauliza. "Umeshanunua na sayari?"

"Ni gemu!" Maduhu akapaza sauti. "Ni mchezo wa kwenye kompyuta, tunacheza mimi na yeye dukani. Hizi ni zamu, si miaka. Na mbona hapa chini zimekatwa! Huku chini watu wanaacha kuongezeka. Mwambie, mshikaji. Waambie!"

Mwenyekiti akanigeukia. "Kijana, ni kweli anayosema? Hii ni ya mchezo?"

Hapo nilikuwa na nafasi. Neno moja tu lingetosha. Mama yangu alikuwa mstari wa mbele, ananitazama. Maduhu ananitazama. Na mimi nikakumbuka fundi cherehani, nikakumbuka vile vicheko.

"Hapana," nikasema. "Ni hesabu za kompyuta. Huyu hajui kompyuta, yeye anauza maziwa."

Walipiga makofi. Mungu wangu, walipiga makofi! Wakanyoosha mikono, ikahesabiwa, ikaisha. Wakapewa muda mfupi wa kufungasha.

Maduhu hakunifuata kunipiga. Ningependa angenipiga. Alikunja ile karatasi, akamrudishia mwenyekiti kwa mikono miwili, akaenda kumshika mama yake mkono.

Siku ya kuondoka walipita nyumbani kwetu. Wanateremka bondeni, kule chini ziwa Rukwa, kwa ndugu yao. Mama alishatoka nje na kamba, amemfungua yule mwekundu ili awakabidhi. Analia kama amefiwa.

"Shikamoo mzee," nikasema. Nilisema huku nimeinamisha kichwa.

"Marahaba." Aliitika! Yule mzee aliniitika kama siku zote. Halafu akamwambia mama, "Huyu mwache hapa, mama. Ana mimba, hawezi kuteremka mlima ule. Na bondeni sikujui, sijui magonjwa ya kule. Abaki kwako. Akizaa, mtunze na ndama wake."

"Baada ya haya yote, mzee?" mama akasema. "Bado unatuamini?"

"Wewe nakuamini," akasema yule mzee. Mimi hakunitazama.

Wakaondoka. Ng'ombe akabaki, akazaa ndama jike, naye ana baka kama la mama yake. Kila nikienda nyumbani, wale wawili wako pale wananikodolea macho. Mama ananimiminia chai ya maziwa, mimi haishuki. Na mama hakuwa na raha na mimi. Kila mara ananiuliza, "Mwanangu, ile karatasi ilikuwa ya kweli?" Namjibu, "Ya kweli, mama." Naye anasema, "Haya."

Mwaka haukuisha nikachoka. Nikamdanganya. Nikamwambia nimekutana na Maduhu stendi ya mabasi, kasema wao hawarudi tena huku, wamempa mama wale ng'ombe kabisa, awauze aezeke nyumba.

"Kasema hivyo kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake, mama."

Mama akasema Mungu awabariki wale watu, wana moyo ambao sisi hatuna. Nikawapeleka mnadani mwenyewe. Nikawaona wanapandishwa kwenye lori la wachinjaji, mama mtu na ndama wake. Nikanunua bati, nikamwezekea mama. Jumuiya nzima ilikuja kusali kubariki nyumba. Walinisifia mtoto gani huyu, anamjali mama yake. Nikala wali wao.

Maduhu alirudi kiangazi kilichofuata.

Nilikuwa dukani nachapa barua ya mteja, mwenyewe amekaa anasubiri. Akaingia, kakonda, miguu ina vumbi jekundu mpaka magotini. Alikuwa amepanda ule mlima kwa miguu. Begani ana kamba mpya ya katani, ameizungusha vizuri.

Hakuniuliza habari za gemu. Alikaa kwenye benchi, akaniambia ugonjwa umeingia zizini kwao huko bondeni. Ng'ombe wote wamekwisha. Wale wa kwa mjomba Mpanda waliwaleta ili waanze pamoja maisha mapya, nao wamekwisha. Mzee yuko kitandani hasemi na mtu. Mama yake anafanya vibarua kwenye mpunga wa watu.

"Lakini mzee kasema tusikate tamaa," akasema. "Kasema yule mwekundu yuko juu. Alikuwa na mimba, sasa watakuwa wawili, labda watatu. Tunaanza na hao. Wewe unajua ninavyocheza, mshikaji. Mimi na kasayari kamoja ka kona narudi."

Akacheka kidogo. Alikuwa amekuja kwangu kwanza ili tusameheane, ndiyo aende kwa mama. Kasema mwenyewe, "Yale yamepita."

Nilisukuma kibodi pembeni.

"Hayupo," nikasema.

"Kafa?"

"Nilimuuza."

Akaishusha ile kamba begani, akaiweka kwenye benchi. Yule mteja wa barua akainuka akatoka nje bila kuambiwa.

"Na ndama?" akauliza.

"Na ndama."

"Jike?"

Sikutaka kujibu. "Jike," nikasema.

Nilianza kumwambia nitalipa, nitafanya hivi, nitafanya vile. Hakunisikiliza. Alikuwa anaitazama kompyuta, ile barua bado iko kwenye kioo. Akasema taratibu, "Wewe umejifunza. Zamani ulikuwa unaacha ile ya mwisho."

Akatoka. Kamba aliisahau kwenye benchi, au aliiacha, sijui. Nilikimbia nayo hadi barabarani, nikamwita. Hakugeuka.

Jioni ile nilikwenda kwa mama nikamwambia yote. Karatasi, mkasi, uongo wa stendi, yote. Alikuwa anapepeta ulezi. Aliendelea kupepeta mpaka nikamaliza. Ndipo akaniambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, maana ninyi mna mama zenu.

Halafu akaingia ndani, akatoa godoro lake, akalipeleka kwenye jiko la zamani la nyasi. Nikamshika mkono, akauondoa. "Siwezi kulala chini ya ng'ombe wa watu," akasema. Mpaka ninapoandika haya analala jikoni. Mvua za masika zinamnyeshea kwa pembeni, nyumba ya bati iko tupu, imefungwa kufuli, panya ndio wanaofaidi.

Nilimfuata padre, nikaungama. Akaniuliza kama nimewarudishia. Nikateremka bondeni na mtamba niliyemnunua kwa kuuza kila nilichokuwa nacho. Niliikuta nyumba yao, haina watu. Majirani wakasema mzee alishazikwa, waliobaki wameondoka, wengine wanasema kusini, wengine wanasema Zambia. Nikapanda mlima na mtamba wangu, nimemfunga kwa ile kamba ya Maduhu.

Nilisimama na kwenye mkutano wa kijiji. Nilitoa kile kipande cha karatasi kutoka kwenye droo, nikakionyesha, nikasema zile zilikuwa namba za gemu, nilidanganya, tumefukuza watu bure. Mnajua walinijibu nini? Mwenyekiti alisema hayo yameshapita. Baba yangu mdogo, ambaye ndiye aliyegawiwa lile eneo la mtoni, akaniambia, "Kaa chini. Hata ungeleta karatasi ya kufungia sukari, siku ile tungenyoosha mikono."

Watu wakacheka. Wanafiki wakubwa! Lakini sijifichi nyuma yao. Wao walitaka kisingizio, na aliyekileta akiwa na koti la marehemu baba ni mimi.

Yule mtamba ameshazaa mara mbili. Mama anamtunza, maziwa hanywi hata tone, anawapa majirani. Anasema ni ng'ombe wa Maduhu. Ndama mmoja nimemweka kwa mtu Kizwite, mwingine kwa mtu Milanzi, wasikae zizi moja. Maduhu, kama unasoma hii, hutaki kuniona, sawa. Usinione. Mpitie mama jikoni, atakuonyesha walipo.

Na wewe mwingine unayesoma, siku ukisimama mbele ya watu na karatasi yenye namba, umeulizwa kama ni kweli, na moyoni unajua ulikata wapi, sema hapo hapo. Wakucheke. Mimi nilichagua makofi, na sasa mvua ikianza kunyesha navuta blanketi nikijua mama yangu anahamisha godoro kutoka ukuta huu kwenda ukuta ule.